Usipochagua, Kompaila Itakuchagulia

Maneno haya niliyasema mbele ya waandika programu vijana hapa Mwanza. Nimeyaandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu, nikaondoa kikohozi na sehemu umeme ulipokatika.

Mwangaluka!

Naam. Wasukuma mpo, na wasio Wasukuma mmeitikia vilevile, ndivyo Mwanza ilivyo. Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Wadogo zangu mliobanana huko mlangoni, sogeeni, viti vipo. Waliokuja kwa ajili ya chai nawajua, na chai ni saa nne na nusu, kwa hiyo hamchomoki.

Nimeombwa niseme juu ya kupanga machaguo ya kukompaili, yaani maagizo tunayoipa kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho simu inaweza kukiendesha, pale tunapojenga maktaba moja ya msimbo itakayotumika kwenye Android na kwenye iPhone. Kichwa hiki hakivuti watu, najua. Tena aliyeandika bango pale nje ameandika "kodi za simu," na mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza kama nimetoka TRA. Nilipomwambia hapana, akaingia. Namwona pale, ametulia. Basi leo nitasema msimbo, tusitishane.

Nianze na mama mmoja wa Mwaloni, kule Kirumba. Sitamtaja jina. Mama huyu ananunua mabondo. Kwa mgeni asiyetoka ziwani, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara. Unakaushwa, unasafirishwa mpaka China, na kilo moja ya bondo inaizidi kwa mbali bei ya kilo ya minofu. Kwa hiyo pale mezani kwa mama gramu hamsini si kitu cha kupuuza. Gramu hamsini zinaweza kuvunja urafiki.

Tulimtengenezea programu. Mizani ndogo ya kidijitali inatuma uzito kwa Bluetooth, simu inapokea, inaandika jina la mvuvi, uzito, bei na jumla. Bosi wake aliyeko Dar es Salaam anatazama hesabu zilezile kwenye iPhone yake. Hatukutaka kuandika hesabu mara mbili, moja ya Android na nyingine ya iPhone, maana mkiandika mara mbili, siku moja zitatofautiana tu. Tukaandika maktaba moja kwa C++, tukaijenga kwa CMake, zana inayopanga jinsi msimbo unavyokompailiwa, ikaingia huku na huku. Tulijiona wajanja.

Wiki ya pili mama akapiga simu. "Mwanangu, hii simu yako inanidanganya."

Nikamwamkia kwanza. Akaitikia, marahaba, halafu akarudi palepale: inanidanganya. Mvuvi wa kwanza kaleta mabondo, simu imeandika gramu 740. Mvuvi wa pili kaleta ya kwake, madogo, hata kwa macho unaona, simu nayo imeandika 740. Mama alikuwa na daftari lake la kaunta, lile gumu jekundu, hajaliacha hata siku moja tangu tumpe programu. Mle ndani mvuvi wa pili kaandikwa 410. Alipima kwa mizani ya zamani ya kuning'iniza kwa sababu macho yake yalikataa. Lile daftari ndilo lililotuokoa, na mimi siku tunampa programu nilikuwa nimemwambia kwa kiburi kwamba sasa anaweza kulitupa.

Sasa tazameni kilichotokea. Mizani ile inatuma pakiti ya baiti nane. Baiti ya nne ni ya hali: sifuri maana yake imetulia, moja maana yake bado inacheza, na ikiwa na tatizo, labda meza imeinama au betri imechoka, inatuma biti nane zote zikiwa moja, yaani 11111111. Ikiwa na tatizo, sehemu ya uzito haibadiliki. Inarudia namba ya mwisho iliyosomwa vizuri. Sisi tulitakiwa kuikataa pakiti hiyo. Msimbo wetu ulikuwa mistari miwili:

char hali = pakiti[3];
if (hali < 0) return;

Biti nane zote moja, ukizisoma kama namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi, ni hasi moja. Hasi moja ni ndogo kuliko sifuri, kwa hiyo pakiti inatupwa. Nani anaona kosa hapo? Mkono mmoja. Mikono miwili. Wewe dada usiseme, wewe tulikaa meza moja jana usiku.

Nilirekodi pakiti za mama, nikazicheza kwenye emuleta, simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta yangu. Zile mbovu zote zilikataliwa. Tukamwomba bosi wa Dar azijaribu kwenye iPhone yake, zikakataliwa. Mashahidi wawili kati ya watatu wanasema msimbo ni mzima. Nikafanya ambalo wengi wenu mngelifanya: nikailaumu simu ya mama. Simu ya bei rahisi, Bluetooth yake mbovu. Nilimaliza siku nne nikiandika msimbo wa kujilinda na Bluetooth ambayo haikuwa na kosa lolote.

Siku ya tano nikashuka Mwaloni na kebo. Nikaketi kwenye kreti tupu la soda, nzi wananizunguka, nikaongeza mstari mmoja tu wa kuandika thamani ya hali kwenye logi. Kwenye kompyuta yangu logi ilisema -1. Kwenye simu ya mama ilisema 255.

Biti ni zilezile nane. Tofauti ni kama char, aina ya namba inayokaa kwenye baiti moja, ina alama au haina. Lugha ya C, na C++ baada yake, haikuamua jambo hilo. Imemwachia anayetengeneza kompaila. Prosesa za Intel zimezoea char yenye alama. Prosesa za ARM za mwanzo hazikuwa hata na amri ya kupakia baiti yenye alama, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuisoma bila alama, na desturi ikabaki mpaka leo, hata baada ya amri hiyo kuwepo. Apple nao, ingawa simu zao ni ARM, waliamua yao iwe na alama. Basi emuleta yangu, inayoigiza Intel kwenye kompyuta ya Intel, inasema hasi moja. iPhone inasema hasi moja. Na simu ya Android, ile iliyoko mezani kwa mama, ile ambayo kazi yote imefanywa kwa ajili yake, inasema mia mbili hamsini na tano. Kwake sharti letu lisingeweza kutimia hata siku moja. Mlinzi tuliyemweka mlangoni alikuwa kipofu kwenye mlango mmoja tu, na ndio mlango watu wanaopitia.

Mwenye kompyuta ya Mac ya sasa, emuleta yake ya Android ni ya ARM, angeliona kosa siku ya kwanza. Sisi wa kompyuta za mtumba za Intel hatukuliona. Nalisema hili bila uchungu. Uchungu ulikuwepo, umekwisha.

Dawa ipo, tena ni flagi moja, yaani neno unaloongeza kwenye amri ya kompaila: -fsigned-char. Ukiiweka, char inakuwa na alama kila mahali. Ipo na nduguye, -funsigned-char, ukitaka kinyume chake. Ila nisiwadanganye kwamba kuiweka kunatosha, na hapa naomba mnipe masikio, kwa sababu ndipo wanaojenga maktaba wanapotofautiana na wanaojenga programu.

Wewe unayejenga maktaba, msimbo wako unakompailiwa mara mbili. Kuna ule unaoukompaili mwenyewe kwa flagi zako. Halafu kuna faili za heda, zile zinazotangaza kilichomo kwenye maktaba, unazompa mwenzako. Hizo zinakompailiwa ndani ya programu yake, kwa flagi zake, ambazo wewe hujaziona na hutaziona. Ukiacha char tupu kwenye heda, ndani kwako ina alama, kwake haina, na nyote wawili mna haki. Kwa hiyo baiti inayobeba namba usiiite char. Iite int8_t yenye alama au uint8_t isiyo nayo, useme wazi unachotaka, na flagi ibaki kama mkanda juu ya suruali iliyokwisha kushonwa vizuri.

Na CMake inakuuliza swali hilohilo kwa maneno yake. Ukiandika hivi:

target_compile_options(mizani PRIVATE -fsigned-char -Wall -Wextra)

neno PRIVATE linasema flagi hizi ni za jikoni kwangu. Ukiandika PUBLIC, unamvisha flagi zako kila atakayeunganisha maktaba yako. INTERFACE inawavisha wao peke yao, wewe hujivishi. Nimeona watu wanaandika PUBLIC kila mahali kwa kuwa mfano waliounakili ulikuwa hivyo. Ni sawa na kualikwa chakula kwa mtu, ukafika ukaanza kumpangia sufuria.

Hapo kwenye maonyo nina neno. -Wall na -Wextra, zinazoiambia kompaila ikuonye, weka, hata usiku weka. Lakini -Werror, ile inayogeuza kila onyo kuwa kosa, iweke kwenye mashine yenu inayojenga na kujaribu, usiiache kwenye maktaba unayoisambaza. NDK mpya, zile zana za Google za kujenga C++ kwa Android, inakuja na kompaila mpya, kompaila mpya inakuja na maonyo mapya, na mtu aliyeko Bukoba anayetaka tu kuitumia maktaba yako anakuta imegoma kujengeka kwa sababu ya onyo lisilomhusu. Atakutukana kwa Kihaya, hutaelewa.

Jambo ninalowaambia leo ni hili moja, mengine yote ni matawi yake. Hakuna msimbo usio na machaguo. Ukikompaili bila kuandika flagi hata moja, machaguo yamefanywa: mengine na waliotengeneza kompaila, mengine na faili la zana la NDK, mengine na Gradle inayojenga programu ya Android, mengine na mtu aliyetumia kompyuta hiyo kabla yako. Mimi sikuchagua char isiyo na alama. Nilichaguliwa, na mvuvi akaandikiwa uzito wa mwenzake.

Huyo wa mwisho, aliyetumia kompyuta kabla yako, msimchukulie mzaha. Baada ya mambo ya char kutulia mama akapiga tena, safari hii anacheka. "Mwanangu, simu inaniuliza nani. Nimeitajia jina langu, haisikii."

Nikadhani amechoka. Akanitumia picha ya kioo. Kwenye mstari wa wastani wa siku palikuwa pameandikwa: nan.

Wanaojua wameshacheka. Wasiojua: kompyuta ina namba maalumu ya kusema hapa hakuna namba, na ikichapishwa inatoka "nan." Sisi tuliitumia kuonyesha kwamba mvuvi amesajiliwa ila bado hajapima. Kabla ya kutafuta wastani tulikuwa tunauliza kwa std::isnan kama thamani ni ya namna hiyo, tunairuka. Swali lilikuwepo kwenye msimbo, nimelisoma kwa macho yangu mawili. Ndani ya maktaba iliyojengwa halikuwepo. Kompaila ililifuta.

Toleo lile lilijengwa kwenye kompyuta ya mwenzetu. Yeye wakati wa mradi wake wa chuo alikuwa na mahesabu mazito, akaandika kwenye .bashrc yake, faili linalosomwa kila anapofungua dirisha la amri, mstari unaoweka CXXFLAGS kuwa -ffast-math, akausahau. CMake ukiiendesha mara ya kwanza kwenye saraka mpya inasoma CXXFLAGS kutoka kwenye mazingira, inaihifadhi kwenye kashe yake, na haisemi neno. Flagi ile inaiambia kompaila: nakuahidi kwenye mahesabu yangu hakutakuwa na nan wala namba isiyo na mwisho, kwa hiyo kimbia. Kompaila ikaamini ahadi. Ikiwa nan haitakuwepo, isnan jibu lake ni hapana siku zote, na swali ambalo jibu lake ni hapana siku zote linaondolewa. Kompaila haikukosea popote. Tuliahidi tusichokijua, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa amekwenda kunywa chai.

Tangu siku hiyo kila mradi wetu una tabia moja: kuifungua ile amri yenyewe na kuisoma. Washa CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS, CMake itakutolea faili la compile_commands.json, na ndani yake kila faili la msimbo lina amri yake kamili. Chukua amri moja ya arm64, yaani ARM ya biti 64, ibandike mahali, isome neno kwa neno kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Kwa kila flagi jiulize imetoka wapi. Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima. Utakutana na flagi ulizoziweka wewe miaka miwili iliyopita ukawa na sababu, na sababu umeisahau. Hizo ndizo za kuandikia maelezo.

Na flagi zenyewe zikae kwenye faili linalosafiri na msimbo. Toka 2020 CMake, kuanzia 3.19, ina faili la CMakePresets.json, ndani unaandika mpangilio wa android-arm64, wa android-arm32, wa ios, kila mmoja na jina lake, na mtu mpya akija anataja jina tu. Historia ya faili hilo inaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Haya ya kuambiana kwenye kundi la WhatsApp "kabla hujajenga andika kwanza hivi" yaishe.

Kuna tofauti ya Debug, ujenzi wa kutafutia makosa, na Release, ujenzi wa kwenda kwa watu, ambayo nitaipita mbio, kwa kuwa wengi mmeshaungua nayo. Kwa kawaida Release ya CMake inaongeza -O3 ya kuharakisha na -DNDEBUG. Hiyo ya pili inafuta kila assert, yaani ukaguzi unaosimamisha programu sharti lisipotimia. Kama ndani ya assert umeweka kazi, tuseme assert(fungua_daftari()), kwenye Debug daftari linafunguka, kwenye Release halifunguki kabisa na hakuna anayelalamika mpaka mteja. Na usipotaja aina yoyote ya ujenzi, hupati hii wala ile: msimbo hauharakishwi, na assert zinabaki. Niliwahi kuona maktaba ikitembea sokoni miezi mitatu katika hali hiyo, na wenyewe wanasema C++ siku hizi imekuwa nzito.

Simu sasa. Hapa kanda ya ziwa lazima tuzungumze juu ya simu zilizoko mikononi mwa watu, tuziache zilizoko kwenye matangazo.

Android ina aina nne za prosesa unazojengea maktaba ya C++: armeabi-v7a ya biti 32, arm64-v8a ya biti 64, na mbili za Intel, x86 na x86_64. Toka 1 Agosti 2019 Google Play inadai programu yenye msimbo wa biti 32 iwe na wa biti 64 pia. Watu wakasoma "biti 64," wakafuta biti 32. Msifute. Simu nyingi ndogo za Android zenye kumbukumbu kidogo zinaendesha mfumo wa biti 32, hata zile ambazo prosesa yake yenyewe inaweza 64. Nendeni kivukoni Kamanga saa kumi na moja jioni mtazame simu za watu. Ukiiondoa v7a, umewafukuza bila kuwaambia.

Za Intel ndizo za kuondoa kwenye toleo la kwenda kwa watu. Zinahitajika kwenye emuleta yako, basi. Kila aina unayoijumuisha ni nakala nzima ya maktaba ndani ya faili. Mtanijibu kwamba Google Play inamkatia kila mtu kipande cha simu yake, na ni kweli, kama mtu anapakua huko. Lakini Mwaloni programu yetu ilisambaa kwa mkono, simu kwa simu, APK nzima, yaani faili la programu, inarushwa kwa Bluetooth juu ya ndoo ya dagaa. Hapo kila megabaiti inaonekana, na mtu aliyesimama kusubiri faili lifike anakuhesabia.

Juu ya prosesa, onyo moja: -march, flagi inayotaja aina ya prosesa. Kwenye kompyuta za mezani watu wanaandika -march=native na wanafurahi. Kwenye simu kuna aliyejitahidi akaandika -march=armv8.2-a kwa arm64, kwa sababu kwenye simu yake kali programu ilikimbia zaidi. Cortex-A53, prosesa iliyojaa kwenye simu za bei ya chini, ni ARMv8.0. Kompaila ikiruhusiwa 8.2 inatumia amri mpya, kwa mfano zile za kubadilisha namba inayoshirikiwa na nyuzi mbili za programu kwa pigo moja; A53 haizijui amri hizo, na programu inakufa papo hapo kwa SIGILL, ishara ya amri isiyojulikana. Haichelewi, haijikongoji. Inafunguka, inafunga. Mteja anasema haifunguki, wewe kwako inafunguka, mnaanza kuoneana mashaka. Kama huna sababu iliyopimwa, acha -march ya NDK ilivyo. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo uchaguzi wa wengine ni bora kuliko wako, lakini uchague kuuacha, usiusahau.

Mwaka huu na uliopita wengi mmeniuliza juu ya kurasa za KB 16. Kwa ufupi: kumbukumbu ya simu inagawanywa kwa kurasa, na kwa miaka yote Android ilitumia kurasa za baiti 4,096. Kuanzia Android 15 simu inaweza kutumia za baiti 16,384. Maktaba iliyopangwa kwa hatua za 4,096 haiwezi kukaa sawasawa kwenye kurasa kubwa, kwa hiyo inaweza isipakike. Toka 1 Novemba 2025 Google Play inadai programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yaweze kukaa kwenye kurasa hizo. NDK r28 inapanga hivyo yenyewe. Ukiwa kwenye NDK ya zamani, mpe linka, ile inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, -Wl,-z,max-page-size=16384. Na kumbukeni maktaba za watu mlizozibeba zikiwa zimekwisha kujengwa. Hizo flagi yako haizigusi, mpaka mwenyewe azijenge upya. Kuna watu wameacha mradi mzima kwa ajili ya faili moja la .so ambalo aliyelijenga hapatikani.

Upande wa iPhone nina machache, maana mashine ya Mac tunayo moja na tunapokezana kama baiskeli ya mtaa. Flagi za linka hazihami. Kwenye Android unasema -Wl,--gc-sections kuondoa msimbo usiotumika. Linka ya Apple haiijui, itakukatalia, kwake unasema -dead_strip. Kwa hiyo kwenye CMake utenganishe, if(ANDROID) huku, if(APPLE) kule, usitafute flagi moja ya kuwapendeza wote. Jingine: simu ni arm64, na simyuleta, iPhone ya kuigiza, kwenye Mac mpya nayo ni arm64, lakini ni majukwaa mawili tofauti, na huwezi kuyashindilia kwenye faili moja la zamani lenye prosesa nyingi, kwa kuwa jina la prosesa linagongana. Ndiyo sababu ya XCFramework, iliyokuja na Xcode 11 mwaka 2019: ni saraka yenye vyumba, kila jukwaa na chumba chake.

Na -fvisibility=hidden iwekeni pande zote mbili. Inaficha majina ya ndani ya maktaba, unaacha wazi yale tu unayotaka yaitwe. Faili linapungua, na majina yako hayapigani na ya maktaba nyingine iliyobeba nakala ya kitu kilekile.

Sasa niwaonyeshe kitu kidogo, ndicho ninachojivunia kuliko vyote. Nimekwisha kusema flagi zinaweza kuingia bila kukuaga. Basi tukauandika msimbo ujikague wenyewe. Juu kabisa ya faili kuu la maktaba ya mizani kuna mistari hii:

static_assert(CHAR_MIN < 0, "char lazima iwe na alama");
#ifdef __FAST_MATH__
#error "Toa -ffast-math, tunatumia nan"
#endif

Mtu akijenga kwa flagi mbaya, hajengi. Hahitaji kukumbuka, hahitaji kuniuliza, wala .bashrc ya mtu haitatuumiza tena. Na kuna kazi moja ndogo inayorudisha mstari wa maandishi: prosesa gani, char ya namna gani, assert zipo au zimefutwa, toleo la kompaila. Yote hayo kompaila inayajua wakati wa kujenga, tunayakamata palepale.

Kwenye simu ya mama mstari huo unaonekana ukibonyeza nembo ya samaki kwa muda mrefu. Mwezi uliopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, mizani imegoma. Nikamwambia mama, bonyeza samaki, nisomee. Akanisomea herufi moja moja, "a, ri, mu, sitini na nne," huku nyuma nasikia watu wanagombania bei. Aliposoma mpaka mwisho nikajua toleo liko sawa, tatizo si letu. Nikamwambia atazame betri ya mizani. Ilikuwa betri.

Daftari jekundu bado analo. Sijamwambia tena alitupe.

Naona wa chai wameanza kuchungulia saa. Nitakuwa meza ile ya dirishani. Mwenye simu ya Android ya zamani, hasa ya biti 32, aje nayo. Tunatafuta simu za kujaribia toleo jipya na leo nimeona humu ndani zipo nyingi kuliko nilizowahi kukusanya. Kebo za mdomo mpya ninazo tatu. Ya mdomo wa zamani ninayo moja tu, kwa hiyo mtapanga foleni kama ya kivuko cha Kigongo kabla ya daraja.